Mti Usiopandwa ni wa Nani?

Baba yangu ni fundi wa majiko. Karakana yake iko Katwe, hapa Kampala, katikati ya mafundi wengine wanaogonga mabati na kuchomelea milango tangu asubuhi mpaka giza liingie. Hununua vyuma chakavu na mapipa yaliyokwisha kazi, akayakata na kuyakunja, akatengeneza sigiri, yaani jiko la mkaa ambalo karibu kila nyumba ya mtaani kwetu inalo. Hatua chache kutoka hapo hukaa mama mmoja anayeuza mkaa kwa kopo na kwa gunia. Wateja humuuliza swali lile lile kila siku: "Mkaa huu ni wa wapi?" Akijibu kwamba ni wa kaskazini, hawabishani naye sana juu ya bei, kwa sababu mkaa huo ni mzito na hukaa motoni muda mrefu. Nimekula chakula kilichopikwa kwa mkaa huo tangu utotoni, na sikuwahi kuuliza ulikuwa mti gani kabla haujawa mkaa.

Nilianza kuuliza mwezi Desemba mwaka 2022. Nilikuwa nimemaliza muhula wangu wa kwanza chuoni, nikaenda Otuke, nyumbani kwao baba, kumsalimu bibi. Nyuma ya nyumba yake nilikuwa nimezoea kuona miti mitano mikubwa ambayo Walango na Waacholi huiita yaa, na ambayo vitabuni huitwa shea. Safari hii niliikuta miwili. Pale ilipokuwa mingine mitatu palikuwa na visiki, na kando yake duara jeusi la udongo ulioungua. Nilipouliza, baba mdogo alitazama chini. Bibi ndiye aliyenijibu: "Mjukuu wangu, mbona unatuuliza sisi? Hiyo mitatu unaisoma wewe huko chuoni."

Hakusema zaidi ya hapo, na hakukuwa na haja. Karo yangu ya muhula ule ilikuwa imetoka kwenye miti ile.

Katika insha hii nataka kujadili swali ambalo jibu la bibi liliniachia. Baba mdogo hakuipanda miti ile. Baba yake hakuipanda, wala babu yake. Je, alikuwa na haki ya kuikata? Na mimi, niliyenufaika bila kujua, nina deni gani, na nadaiwa na nani? Hoja yangu ni kwamba hatuwezi kujibu maswali haya kama hatujaelewa kwanza jinsi matunda yalivyolimwa katika nchi kavu zetu, kwa maana huko kulima hakukuwa kupanda peke yake. Kulikuwa pia kuacha.

Nianze na mti wenyewe. Shea humea katika ukanda mrefu wa savana unaoanzia Afrika Magharibi, kule Senegali, mpaka kaskazini mwa Uganda na Ethiopia. Si mti mgeni katika maandishi. Ibn Battuta aliyetembelea dola ya Mali mwaka 1352 aliandika juu ya mti wenye matunda matamu ambao kokwa zake hutolewa mafuta, na Mskoti Mungo Park, aliyesafiri pande hizo kati ya mwaka 1795 na 1797, aliusifu hata wataalamu wa mimea wakaupa jina lake kwa muda mrefu. Wa kwetu ni wa namna ya Mto Nile, na mafuta yake ni laini kuliko ya Afrika Magharibi. Hapa Uganda unapatikana Lango, Acholi, sehemu za Teso, Karamoja na West Nile.

Sifa yake kubwa kwa mtu wa nchi kavu ni wakati wake wa kuzaa. Matunda huanza kuanguka katika miezi ambayo maghala yamekwisha na mazao mapya bado yako shambani. Wanawake na watoto huamka alfajiri kwenda kuyaokota kabla mbuzi hawajayafikia. Nyama ya tunda huliwa pale pale, ni tamu. Kokwa huchemshwa, zikaanikwa, zikavunjwa, zikakaangwa, zikatwangwa, kisha zikachemshwa tena mpaka mafuta yaelee juu. Kazi hiyo humchukua mama siku kadhaa. Mafuta hayo, moo yaa, huungwa kwenye mboga na hupakwa watoto wachanga. Mimi mwenyewe nilipakwa.

Lakini mti huu una tabia moja inayosumbua: hauna haraka. Ukiota leo, utangoja miaka kumi na mitano au ishirini ndipo uone tunda la kwanza, na mti hufikia nguvu zake baada ya miaka arobaini au hamsini. Baada ya hapo unaweza kuishi zaidi ya miaka mia moja. Kwa sababu hiyo ni wachache waliowahi kuupanda. Wazee walifanya jambo lingine. Mkulima aliposafisha shamba jipya la wimbi au ufuta, alikata vichaka na miti mingine, lakini alipokuta mche wa yaa aliuzunguka kwa jembe akaendelea mbele. Shamba lilipochoka liliachwa lipumzike, na miche ikapata miaka ya kukua bila kusumbuliwa. Mwanawe alipolirudia alikuta miti michanga, naye akaizunguka. Mgeni akipita leo ataona miti iliyosimama ovyo katikati ya mashamba na kudhani ni mabaki ya pori. Ukweli ni kwamba anatazama bustani ya matunda ambayo watu wa vizazi vingi waliichagua mti kwa mti.

Namna hii ya kulima haiko kwetu peke yetu. Mikwaju mingi ya Karamoja na mibuyu ya Ukambani na Ugogo ilidumu kwa njia hiyo hiyo: mtu aliona mti, akajua faida yake, akaupisha. Waturkana wa Kenya walikwenda mbali zaidi. Wana desturi inayoitwa ekwar, ambayo huipa familia haki ya kutumia miti ya kipande fulani cha ukingo wa mto, na haki hiyo hurithiwa. Katika nchi ambako mvua haina ahadi, mti wenye mizizi mirefu ni ghala ambalo halichomwi na jua. Watu waliweka sheria kuulinda kama walivyoweka sheria za kisima.

Sasa nirudi kwenye swali. Wapo watakaosema kwamba mti usiopandwa na mtu si wa mtu, kwa hiyo wa kwanza kuufikia na shoka ndiye mwenyewe. Hoja hii ina ukoo mrefu. Mwanafalsafa wa Kiingereza John Locke, katika kitabu chake cha mwaka 1689 juu ya serikali, alifundisha kwamba kitu cha porini huwa mali ya mtu pale anapochanganya kazi yake nacho. Alitoa mfano wa mtu anayeokota matunda chini ya mti: kitendo cha kuokota ndicho kinachoyafanya yawe yake. Ukiifuata hoja hii, baba mdogo alifanya kazi kweli kweli. Alikata kwa siku mbili, akapanga magogo, akafunika kwa udongo, akakesha akilinda moshi. Bibi yake, aliyeupisha mti huo kwa jembe lake miaka sitini iliyopita, alifanya nini? Kwa macho ya Locke, hakufanya lolote.

Hapa ndipo ninapotofautiana naye. Kuacha ni kutenda. Yule bibi aliyezunguka mche kwa jembe alipoteza mistari kadhaa ya wimbi kila mwaka kwa sababu ya kivuli. Alikata kuni mbali zaidi ili asiuguse. Katika mwaka wa njaa alikuwa na shoka mkononi, na hakulitumia. Kujizuia kwake kulikuwa kazi, ila ni kazi isiyoacha jasho linaloonekana. Tukihesabu kazi ya mkataji tu na kusahau kazi ya aliyejizuia, tutakuwa tunamlipa mtu wa mwisho kwenye msururu kwa kazi ya wote waliomtangulia. Locke mwenyewe aliweka sharti ambalo wengi hulisahau: anayechukua awaachie wengine cha kutosha na kizuri vile vile. Mwenye kuokota matunda ya yaa hutimiza sharti hilo bila taabu, maana mti utazaa tena mwakani. Mwenye kuukata hawezi kulitimiza, hata kama atapanda mwingine kesho yake. Tunda atakalomwachia mtoto wa jirani liko mbali kwa miaka ishirini.

Hoja ya pili ni ngumu zaidi kwangu, kwa sababu inatoka nyumbani. John Mbiti, mzaliwa wa Kitui, nchi kavu iliyo na mibuyu mingi, alifundisha Makerere kuanzia mwaka 1964 hadi 1974, na mwaka 1969 alichapisha kitabu maarufu juu ya dini na falsafa za Kiafrika. Alitumia maneno mawili ya Kiswahili, Sasa na Zamani, kueleza jinsi Mwafrika wa jadi alivyouelewa wakati. Kwa maoni yake, wakati ulielekea nyuma kuliko mbele. Kilichopita kilikuwa kirefu sana, na kijacho hakikuvuka sana miezi michache au, kwa kingi, miaka miwili. Wanafalsafa wengi wamembishia, nami kwa unyenyekevu wa mwanafunzi naongeza ushahidi wangu mdogo: mti wa yaa. Mtu asiye na wakati ujao hawezi kuzunguka mche ambao hatakula tunda lake kwa miaka ishirini. Aliyefanya hivyo alikuwa na picha ya mtu kichwani mwake, mtu ambaye hajazaliwa, aliyeinama alfajiri akiokota.

Hata hivyo nadhani Mbiti aliona jambo la kweli. Huenda bibi yake baba mdogo hakufikiria "wakati ujao" kama tunavyoufikiria sisi tunaoandika mipango ya miaka mitano. Huenda alifikiria tu kwamba yeye mwenyewe alikuta miti, na ni aibu kuondoka bila kuiacha. Deni lake lilitoka Zamani, akalilipa mbele. Hilo ndilo jibu bora ninalolijua kwa wanaouliza jinsi watu ambao bado hawajazaliwa wanavyoweza kutudai. Hawatudai wao. Wanaotudai ni waliotuachia, na kwa kuwa hawapo tena kupokea, malipo hupokelewa na wajao.

Mpaka hapa yaelekea nimemhukumu baba mdogo. Sivyo. Waswahili husema mwenye njaa hana miiko, na nitakuwa mnafiki nikiandika juu ya miti bila kuandika juu ya maisha yake.

Mwishoni mwa miaka ya themanini, ng'ombe wa Lango, Acholi na Teso waliibwa kwa maelfu katika uvamizi. Ukoo wetu haukubaki na hata ndama. Kisha vita vya Lord's Resistance Army viliendelea mpaka mwaka 2006, na watu wakaishi makambini bila kulima. Baba alikimbilia Kampala katika miaka hiyo na kuanza kubeba vyuma Katwe. Baba mdogo alibaki. Waliporudi kwenye ardhi yao, ng'ombe hawapo, nyumba hazipo, mipaka imesahaulika, kitu cha thamani kilichokuwa bado kimesimama kilikuwa ni miti. Basi lori lilipofika na mtu mwenye fedha taslimu mkononi, na simu kutoka Kampala ikasema kwamba mtoto wa kaka yako amepata nafasi chuoni lakini karo haijatimia, alichagua nini? Alichagua mtu badala ya mti. Sijui kama mimi ningechagua tofauti, na sitaki kujifanya najua.

Ninachokataa ni kulifanya jambo hili kuwa kosa la aliyeshika shoka peke yake. Mwezi Mei 2023 Rais Yoweri Museveni alitoa Amri ya Utendaji Namba 3, iliyopiga marufuku uchomaji wa mkaa wa biashara kaskazini mwa nchi. Nilifurahi kuisikia, na bado nadhani ilihitajika. Lakini fikiria ni nani anayekutana na amri hiyo. Anayekutana nayo ni mtu wa kijijini mwenye visiki nyuma ya nyumba, ambavyo kila apitaye anaviona. Mwenye lori ana njia nyingine na mzigo mwingine. Na mimi wa Katwe nakutana nayo pale tu bei ya kopo inapopanda, nanung'unika, nanunua. Ushahidi wangu umekuwa majivu, na majivu hayana jina la mti.

Methali nyingine husema mchuma janga hula na wa kwao. Kwa kawaida tunaitumia kuwaonea huruma ndugu wa mkosaji. Mimi naisoma kinyume. Kwa miaka mingi wa kwao tulio mjini tumekuwa tukila kwanza, na janga limebaki kwa aliyechuma. Tunakula kwa maana halisi: maharage, matoke, chai, vyote vimepikwa kwa mti wa mtu. Kadiri mlaji anavyokaa mbali na kisiki, ndivyo dhamiri yake inavyokuwa nyepesi, lakini umbali haupunguzi sehemu yake ya deni. Ukitaka kupima deni, usiulize nani alikata. Uliza nani alishiba.

Nilijaribu kumweleza baba haya siku moja karakanani. Alinisikiliza bila kuacha kugonga. Jioni, tukiwa tunafunga, akasema, "Kwa hiyo unataka niache kutengeneza sigiri? Hiyo karo iliyobaki nani atailipa?" Sikuwa na jibu, na sina jibu kamili hata sasa. Sigiri haijui mkaa wa yaa na mkaa wa mkalitusi. Mama wa nyumba aliye na shilingi za kopo moja hana uwezo wa kununua gesi. Wanaosema kwamba watu wa mjini waache mkaa mara moja hawajawahi kupika Katwe. Kitu kimoja alichofanya baba, bila kunitangazia, ni kuanza kutengeneza zaidi zile sigiri zenye udongo ndani, ambazo hushika joto na kula mkaa kidogo. Alisema zinauzika. Nilinyamaza, nikashukuru.

Lakini deni langu haliishi kwenye jiko la baba. Mwaka uliofuata nilirudi Otuke nikakuta jambo ambalo sikulitarajia. Visiki vya miti ile vilikuwa vimechipua. Bibi alikuwa amezungushia kila kimoja matawi ya miiba ili mbuzi wasifike, na alikuwa ameondoa machipukizi mengi akabakiza moja au mawili yenye nguvu. Hakufundishwa na mradi wowote. Baadaye nilisoma kwamba huko Dodoma, Tanzania, wakulima wanafanya vivyo hivyo kurudisha miti kwenye ardhi iliyochoka, nao huita njia hiyo Kisiki Hai. Jina hilo limenikaa moyoni. Mizizi ya mti uliokatwa bado inajua kazi yake. Inachosubiri ni mtu wa kujizuia tena.

Bibi ana zaidi ya miaka themanini. Hataonja tunda la machipukizi yale, naye anajua. Nilimuuliza kwa nini anajisumbua na miiba katika umri wake. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anafagia uwanja. "Na wewe utawaachia nini?" akasema.

Kwa hiyo, kwa kuhitimisha, narudi kwenye kichwa cha insha hii. Mti usiopandwa ni wa nani? Si wa aliyeufikia kwanza na shoka, wala si wa serikali kwa sababu imeandika amri. Ni wa msururu mzima wa watu waliojizuia kwa ajili yake, na anayeishi karibu nao leo ni mshika zamu. Mshika zamu anaweza kubanwa na njaa akauza, na tusimhukumu kabla hatujauliza tulikuwa wapi alipobanwa. Lakini aliyesoma, akala na akapata nafasi kwa mti huo hana kisingizio cha njaa. Mimi ni mmoja wao. Nikimaliza masomo na kupata kazi, karo ya kwanza nitakayolipa itakuwa ya mtoto wa baba mdogo, ili siku lori litakaporudi, asiwe na sababu ya kuisogelea ile miwili iliyobaki. Sidhani hilo litafuta visiki vitatu. Lakini naamini kwamba namna pekee ya mtu wa Katwe kumsaidia mtu wa Otuke kuacha mti ni kumpunguzia sababu za kuukata.

Machipukizi ya bibi, nilipoyaona mara ya mwisho, yalikuwa yamefika magotini.